Habari za Shule za Abayudaya, Mbale

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kiliweka mbele yetu neno hili: "Shule za dini huwagawa watu." Mimi nilipangwa upande wa kupinga. Mwalimu akatukataza kutumia mfano wa shule yetu wenyewe, kwa kuwa kila mtu husifu chungu cha mama yake. Basi nikatafuta shule ya dini nyingine kabisa, isiyo ya Wakristo wala ya Waislamu, nikaipata karibu kuliko nilivyodhani, yaani Mbale, mashariki ya Uganda. Upande wetu ulishindwa kwa kura. Lakini habari nilizokusanya zilikuwa nyingi kuliko dakika saba za mdahalo, na mhariri amenipa kurasa hizi niziandike kwa utaratibu.

Kwanza nieleze shule ya Kiyahudi ni kitu gani, maana wengi wetu neno Myahudi twalijua katika Biblia tu. Katika miji mikubwa ya dunia, palipo na Wayahudi wengi, aghalabu utakuta shule yao ya kutwa. Mtoto hutoka kwao asubuhi na kurudi alasiri. Masomo yake ni ya namna mbili. Kuna yale ya serikali, hesabu, sayansi, jiografia na lugha, kama yetu. Na kuna yale ya kwao, yaani Torati, Kiebrania, sala na historia ya watu wao. Johannesburg wanazo shule za King David, na ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1948. London iko shule kubwa iitwayo JFS, ambayo mwanzo wake ni mwaka 1732, ilipokuwa darasa dogo la watoto maskini wa sinagogi. Nitairudia JFS hapo mbele, kwa sababu iliingia katika kesi inayotufaa.

Kitu kinachoitambulisha shule ya namna hii kuliko kingine chochote ni kalenda yake. Sabato ya Wayahudi huanza Ijumaa jua likichwa, nayo huisha Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana. Msomaji wa Kiswahili haimpasi kushangaa, kwa kuwa wazee wa pwani nao huianza siku magharibi: kwao usiku wa Jumamosi ni ule unaoitangulia Jumamosi, wala si ule unaoifuata. Jambo la kuchekesha ni hesabu ya siku yenyewe. Kiswahili chaiita mosi, Kinyarwanda chetu chaiita ya sita, na Kiebrania chashikilia kuwa ni ya saba. Siku ni ile ile moja.

Ndani ya siku hiyo Myahudi mshika dini hawashi moto, hapiki, hauzi wala hanunui, hapandi gari, wala haandiki. Hilo la kuandika ndilo linalomhusu mwanafunzi. Mtu asiyeweza kushika kalamu Jumamosi hawezi kufanya mtihani Jumamosi. Kule Ulaya kuna taabu nyingine tena: mwezi wa Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, na kwa hiyo siku za Ijumaa wakati wa baridi shule za Kiyahudi hufunga mapema ili watoto wafike kwao kabla ya giza. Mbale iko karibu na mstari wa ikweta kama sisi, na jua lake halina hila. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na mwalimu hana haja ya kubadili ratiba.

Sasa tufike Mbale. Ni mji ulio chini ya mlima Wanale, ambao ni bega la mlima Elgon, na mwaka 2020 ulipewa daraja la jiji. Kilomita chache nje ya mitaa yake ya katikati kuna kilima kiitwacho Nabugoye. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Abayudaya. Neno hilo ni la Kiganda, na maana yake ni Wayahudi tu. Watu hao ni Waafrika, wakulima wa kahawa, ndizi na mahindi, wala hawakuhamia kutoka Ulaya. Nasema hivi kwa kuwa msomaji wa historia aweza kukumbuka kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya nchi ya kukaa katika Afrika Mashariki, na mpango ule ukaitwa "wa Uganda". Nchi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo uko Kenya, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ulikataa. Abayudaya hawahusiani na jambo hilo hata kidogo. Wala si ndugu wa Wayahudi wa Nairobi, walioanzisha jumuiya yao mwaka 1904, ambao wengi walikuwa wamehama kutoka Ulaya.

Mwanzo wao ni mtu mmoja, Semei Kakungulu. Alikuwa jemadari wa Buganda, Mprotestanti, na mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega. Kisha akaenda mashariki na askari wake, akaitiisha nchi hiyo kwa ajili ya Waingereza, na mji wa Mbale mwanzo wake ni ngome yake. Alitumaini kwamba atafanywa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza hawakumpa. Walimpunguzia madaraka kidogo kidogo mpaka akabaki chifu kama machifu wengine, naye akaona uchungu mkubwa. Akajiunga na Bamalaki, kundi la Wakristo waliokataa dawa za hospitali kwa watu na sindano kwa ng'ombe, na ambao walikuwa wamekwisha kuipokea Jumamosi kuwa siku ya kupumzika.

Kakungulu alikuwa msomaji wa Biblia asiyeridhika na nusu. Alipofika katika amri ya tohara alitaka itimizwe. Inasimuliwa kwamba Bamalaki wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi, naye akajibu kuwa, kama ni hivyo, yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akajitenga pamoja na wafuasi wake. Hawakuwa wamepata kumwona Myahudi, na dini yao ilikuwa bado imechanganyika na mambo ya Kikristo. Mwaka 1920 alifika mfanyabiashara mmoja Myahudi aitwaye Yosef, akakaa nao kama miezi sita, akawafundisha kalenda, sikukuu, namna ya kuchinja na vyakula vilivyokatazwa. Alipoondoka, Kakungulu alifanya jambo ambalo kwangu ndilo mwanzo wa habari hii ya shule: aliwakusanya vijana akafungua darasa, ili mafundisho ya Yosef yasipotee. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha kurasa 90 cha sala na kanuni. Akafa Novemba 24, 1928, kwa pepopunda.

Hapa nawaomba tusome polepole, kwa sababu jambo linalofuata latugusa sisi watoto wa misioni.

Baada ya kifo cha Kakungulu wafuasi wake walibaki bila mkubwa wa kuwasemea. Watoto wao walitaka kusoma kama watoto wengine. Siku zile shule zilikuwa karibu zote za misioni, za Wakatoliki na za Waanglikana, na mlango wa shule ulikuwa pia mlango wa kanisa. Mtoto wa Abayudaya aliyetaka darasa alitakiwa abatizwe. Wazazi walikuwa na njia mbili. Wampeleke mtoto, asome, apate kazi ya ukarani au ya ualimu, arudi nyumbani akiwa na jina jipya na dini nyingine. Au wamweke nyumbani abaki Myahudi asiyejua kusoma. Wengi walichagua njia ya kwanza. Wengine wakashika ya pili, na ndiyo sababu jamii hii ilidumu, lakini ilidumu katika umaskini wa elimu.

Siandiki haya kuwatukana wamisionari. Walijenga shule kwa matofali waliyoyachoma wenyewe pamoja na babu zetu, na walizijenga ili wapate Wakristo. Hawakulificha neno hilo. Bila wao mimi nisingekuwa nashika kalamu hii. Hata hivyo twaweza kuishukuru nyumba huku tukiona kwamba mlango wake ulikuwa mwembamba kwa mtu fulani. Mimi nimebatizwa nikiwa mtoto mchanga, nikaingia shuleni bila kuulizwa neno. Sikupata kufikiri kwamba kuna mtoto ambaye kwake swali la kwanza la shule halikuwa "Wajua kuhesabu?" bali "Utakubali kuwa nani?"

Kisha ukaja utawala wa Idi Amin, mwaka 1971. Dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, na watu wakasali ndani ya nyumba na mapangoni kwa sauti ya chini. Rabi Gershom Sizomu, kiongozi wao wa sasa, amesimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akakombolewa kwa mbuzi watano. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Walioendelea kwa siri walibaki mia chache. Kampala ilipotwaliwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, Aprili 11, 1979, jioni yake ndiyo Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaanza, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaisahau tarehe hiyo, nanyi mtaona kwa nini.

Katika miaka ya 1980 vijana walikusanyika Nabugoye wakaanza kuishi na kulima pamoja, wakajifunza Kiebrania kwa vitabu vichache walivyokuwa navyo, wakafufua sala. Miongoni mwao walikuwa Sizomu na nduguye Joab Jonadab Keki. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israel waliwafikia wakawaingiza rasmi katika dini watu karibu 400. Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles, akatawazwa kuwa rabi mwaka 2008. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, katika jimbo ambalo Wayahudi ni wachache mno, na kwa hiyo ni kura za Wakristo na Waislamu zilizompeleka Bungeni.

Jamii ilipopata nguvu ilijenga shule. Ya msingi yaitwa Hadassah, na ya sekondari yaitwa Semei Kakungulu High School, iliyopo Nabugoye. Si serikali iliyozianzisha. Ni jamii yenyewe, kwa msaada wa marafiki wa ng'ambo, hasa chama cha Kimarekani kiitwacho Kulanu. Jina Hadassah ni jina la pili la Esta, yule malkia wa Biblia ambaye aliishi katika jumba la mfalme wa Uajemi akilificha kabila lake mpaka siku ya hatari. Sisemi kwamba ndiyo sababu iliyowafanya wachague jina hilo. Nasema tu kwamba kwa watu waliosali mapangoni zamani za Amin, ni jina linalowakaa vizuri.

Katika shule hizi Jumamosi hakuna masomo, wala majaribio, wala kazi za mikono. Ijumaa jioni ni ya kukaribisha Sabato. Sikukuu za Tishri, mwezi wao wa mwaka mpya, ambao huangukia Septemba au Oktoba, hazimpotezi mtoto wa Kiyahudi katika orodha ya mahudhurio. Kiebrania hufundishwa. Masomo mengine yote ni yale ya Uganda, na mitihani ni ile ya taifa.

Chakula chao pia ni somo, nacho nimekipenda kukichunguza. Torati hukataza nguruwe, hukataza damu, hukataza nyama kupikwa pamoja na maziwa, na katika samaki huruhusu wale wenye mapezi na magamba tu. Ukiwapa Abayudaya sambaza wetu wa Ziwa Kivu watakula bila shaka yoyote, na sato pia. Kambare watamwacha kwa kuwa hana magamba. Lakini jikoni kwa shule ya Afrika Mashariki tatizo hili karibu halipo. Maharage na kawunga, ambayo wenzetu wa Uganda huiita posho, hayana dini. Myahudi, Mwislamu, Msabato na Mkatoliki wote huketi mbele ya sahani ile ile, na wote hulalamika kwa maneno yale yale kwamba maharage hayakuiva. Nyama ndiyo ingeleta maswali, na nyama ni mara ngapi tunaiona?

Turudi kwenye neno la mdahalo. Je, shule hizi zawagawa watu? Mpinzani wangu, ambaye ni msemaji hodari kuniliko, alisema hivi: kila kundi likijenga shule yake, watoto watakua bila kujuana, na nchi yetu inajua mwisho wa njia hiyo. Hakuhitaji kueleza zaidi. Sisi tuliozaliwa baadaye twajua kwa kusimuliwa na wazazi. Kabla ya 1994 mwalimu aliweza kuwaamuru watoto wasimame darasani kwa makabila yao, na nafasi za sekondari ziligawanywa kwa hesabu ya kabila, siasa iliyoitwa iringaniza. Mtoto mwenye alama nzuri aliweza kukosa nafasi kwa sababu ya neno lililoandikwa katika kitambulisho cha baba yake. Tena twajua habari za Nyange. Mwezi wa Machi 1997 washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi wakakataa, wakasema wote ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa pale pale. Taifa limewaweka katika daraja la mashujaa wa Imena. Mtu wa kwetu anaposikia "shule ya watu fulani" ana haki ya kushtuka.

Hata London jambo hili liliwahi kuleta kesi. JFS ilikuwa ikipokea watoto ambao mama zao ni Wayahudi kwa hesabu ya Rabi Mkuu wa Uingereza. Mtoto mmoja alikataliwa kwa sababu mama yake aliingia dini hiyo kwa njia ambayo Rabi Mkuu hakuitambua, ijapokuwa nyumbani kwao walishika dini. Baba akashtaki. Desemba 16, 2009, Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba kumpima mtoto kwa nasaba ya mama yake ni ubaguzi wa kabila. Tangu hapo shule ilibidi iangalie kama familia yashika dini, isiangalie damu. Waweza kuona jinsi jambo lilivyokuwa gumu kwa kura ile moja iliyozidi. Waweza pia kuona kwamba kwa kipimo kile cha zamani, mtoto wa Nabugoye, ambaye wazazi wake waliingizwa na marabi wa madhehebu mengine mwaka 2002, asingepita mlangoni.

Shule za Mbale hazikuweka kipimo hicho wala kingine cha dini. Hadassah na Semei Kakungulu hupokea Wayahudi, Wakristo na Waislamu, na walimu nao ni wa dini mbalimbali. Hapo ndipo nilipopata hoja yangu, na mpaka leo naiona ni nzuri ingawa haikupata kura. Watu hawa ndio waliofungiwa milango mpaka wabadili jina. Walipopata mlango wao wenyewe, wangeweza kulipiza. Wangeweza kusema atakayeingia kwetu aache msalaba nje. Hawakusema. Mtoto wa Kikristo husoma pale akatoka Mkristo, na Jumapili huenda kanisani kwao kama kawaida.

Mpinzani wangu alijibu kwamba huo si wema, ni hesabu: Abayudaya wote ni elfu chache tu, wametawanyika katika vijiji tangu Mbale mpaka Namutumba, hawawezi kujaza shule, na karo ya majirani inahitajika. Baraza likapiga makofi. Nakubali kwamba karo inahitajika. Lakini nauliza, mfanyabiashara anayehitaji wateja na akawapokea vizuri, amekosa nini? Tena kuna jambo ambalo hesabu ya karo haiwezi kulieleza. Mwaka 2004 Keki alizunguka nyumba kwa nyumba akaanzisha ushirika wa kahawa wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu, uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Wazazi wa Rusizi na Nyamasheke wanaopeleka kahawa kiwandani wanajua ushirika ni nini: mizani moja, ghala moja, na mtu wa dini nyingine anayeshika daftari la madeni yako. Katika vijiji vile kahawa ndiyo inayolipa karo. Watoto wanaokaa dawati moja ni watoto wa watu ambao tayari wanapimiana kahawa.

Jambo la Sabato nalo nililitolea mfano wa karibu. Ninaye rafiki Msabato tuliyesoma naye shule ya msingi. Alikwenda sekondari nyingine, ambayo sitaitaja, na huko majaribio ya hesabu yalikuwa yakifanywa Jumamosi asubuhi. Yeye akakaa bwenini akisoma Biblia, na katika daftari la mwalimu ikaandikwa sifuri, muhula baada ya muhula, kwa kijana ambaye hesabu alituzidi sote. Hakuna aliyemchukia, ratiba tu ilikuwa imepangwa na watu ambao Jumamosi yao haina neno. Ajabu ni kwamba serikali yetu ililitatua jambo kama hilo zamani: Jumamosi ya mwisho wa mwezi taifa zima linapofanya umuganda, Wasabato huufanya wao Jumapili, na mitaro huchimbwa vile vile. Kama jembe laweza kungoja siku moja, karatasi ya hesabu yaweza pia.

Mtu aweza kuuliza kama nchini mwetu kuna shule ya Kiyahudi. Hapana. Kilicho karibu ni kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, wilayani Rwamagana, kilichoanzishwa na Bibi Anne Heyman mwaka 2008 kwa mfano wa kijiji cha Yemin Orde cha Israel, ambacho kililea mayatima baada ya vita vikuu vya pili vya dunia. Agahozo ni Kinyarwanda, mahali pa kufutwa machozi. Shalom ni Kiebrania, amani. Hakifundishi dini ya Kiyahudi wala hakichagui watu kwa dini. Nimekitaja ili msomaji asichanganye mambo haya mawili.

Nisifiche udhaifu wa shule za Mbale. Zimesaidiwa sana na watu wa mbali, hata chakula cha mchana cha wanafunzi kimelipiwa na msaada huo, na shule inayokula kwa barua kutoka ng'ambo haina usingizi mzuri. Tena kuna jambo linalouma zaidi ya fedha. Mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israel ilikataa ombi la kijana mmoja wa Abayudaya aliyetaka kuhamia huko kwa sheria inayowapa Wayahudi wote haki hiyo. Fikirini kidogo. Babu alikataliwa darasa kwa sababu ni Myahudi, na mjukuu akakataliwa nchi kwa sababu, ati, si Myahudi. Mimi si mwanasheria, na mambo ya Israel yana wenyewe. Lakini naelewa kwa nini watu waliopatwa na yote mawili hawakutaka kusimama mlangoni pa shule yao wakiwapima watoto wa jirani.

Baada ya mdahalo mpinzani wangu alinifuata bwaloni akaniuliza kama kweli mtu wa kwetu aweza kupokewa pale. Nilimjibu kwamba mlango uko wazi ila karo si ndogo kwa mfuko wetu. Kaka zetu mnaofanya kazi Kampala ninyi mko karibu: basi la kwenda Mbale hupita Jinja, na safari yake ni ya saa nne au tano. Ukishuka, waulize vijana wa pikipiki njia ya Nabugoye, watakufikisha. Usiende Jumamosi ukitazamia kukuta darasa. Utakuta mbao nyeusi hazina chaki, na watu wako sinagogi. Nenda siku ya Jumatatu, kisha uniandikie kwa njia ya mhariri unieleze kama maharage yao yaiva kuliko yetu.